Wazee wa Foleni, Vijana wa Simu

Nairobi ilipofurika vijana wa Gen Z mwezi Juni 2024 wakipinga Mswada wa Fedha, wazee wengi waliuliza: kiongozi wao ni nani? Swali hilo lina historia yake. Kwa mtu aliyekuwa na umri wa miaka 30 mwaka 1990, maandamano huitishwa na mtu mwenye jina. Mkutano wa Saba Saba wa kudai vyama vingi, pale Kamukunji, uliitishwa na Kenneth Matiba na Charles Rubia, na siku chache kabla ya Julai 7 serikali ilikwisha kuwatia wote wawili kizuizini.

Kizazi hicho kilifunzwa kuogopa. Miaka ya 1980, kukutwa na kijikaratasi cha Mwakenya, kundi la siri la wapinzani wa serikali, kulitosha kumfikisha mtu jela, na wako waliopitia seli za mateso chini ya jumba la Nyayo. Kwenye mchujo wa chama tawala cha KANU wa 1988, wapiga kura walipanga mlolongo nyuma ya wagombea au picha zao, kila jirani akiona nani kasimama wapi. Siasa ikawa mazungumzo ya kunong'ona, mlango umefungwa. Mzazi wa namna hiyo akimwona bintiye akijirekodi mbele ya lori la polisi na kujitaja jina kamili, moyo lazima umwende mbio.

Binti mwenyewe hakulelewa hivyo. Katiba ilipozinduliwa Agosti 27, 2010, yeye alikuwa mtoto. Kifungu cha 37, kinachompa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, alikijua kabla hajakutana na kitoa machozi. Mswada aliupakua kwenye simu akausoma: mkate utozwe VAT ya asilimia 16, gari litozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Wenzake wakaufafanua TikTok kwa lugha za nyumbani, hata nyanya kijijini akaelewa. Kisha nambari za wabunge zikasambazwa, watu wakahimizwa "kuwasalimia", na simu za waheshimiwa zikajaa ujumbe hadi basi.

Wazee waliuona huo utovu wa adabu. Pengine ulikuwa, ila waheshimiwa hawakuwahi kusalimiwa kwa wingi namna ile nje ya msimu wa kampeni.

Juni 25, wabunge 195 waliunga mkono mswada, 106 wakaukataa. Waandamanaji wakaingia Bungeni na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini.

Kuwaita vijana hawa watovu wa nidhamu ni kuwaonea. Katiba waliyoishika mkononi ni jasho la wazazi wao. Tofauti ni kwamba wazazi waliipigania huku wakiitilia shaka, watoto wakaichukulia kuwa kweli.

Hata hivyo, mzee ana haki ya kumsuta mjukuu kwa jambo moja. Kabla ya uchaguzi wa 2022, tume ya uchaguzi, IEBC, ilisema vijana walikuwa chini ya asilimia 40 ya wapiga kura walioandikishwa, na idadi yao ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 5 tangu 2017. Ajuza mwenye mkongojo hufika kituoni kabla hakijafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Mjukuu husema kura hazina maana. Wengi wa wale wabunge 195 waliingia Bungeni Agosti 2022, kwa uchaguzi ambao kundi kubwa la vijana halikujisumbua hata kujiandikisha.