Madoa ya uso: krimu au leza?

Nikimpima bi harusi gauni, mama yake hunong'ona: madoa yangu haya niyapige leza au nipake krimu?

Mimi nasema krimu, tena ya daktari wa ngozi, si mkorogo wenye zebaki, ule unaodhuru figo. Huchelewa, hesabu miezi. Leza ni ya haraka, lakini kwenye ngozi zetu nyeusi joto lake laweza kuacha weusi zaidi ya ule uliokwenda nao. Harusi ikiwa wiki 2 mbele, usithubutu!

Na kinga ya jua kila asubuhi, maana jua ndilo linaloleta madoa hayo na buibui halifuniki uso. Yangu mawili ya shavuni nimeyapaka miezi 4. Yamefifia, hayajaisha.