Umeme Kichwani Bado Si Tiba

Ndugu mwandishi wa makala ninayoijibu anadai kwamba umeme hafifu unaopitishwa kichwani umethibitika kurudisha kumbukumbu za wagonjwa wa Parkinson. Haujathibitika. Majaribio mengi ni madogo na matokeo yake yanapingana. Katika yale ya makini, kundi la kulinganisha huvalishwa elektrodi zilezile. Mkondo wa miliampia 1 au 2 huwashwa kwa sekunde 30 hivi, ngozi ikasisimka, kisha huzimwa kimyakimya. Baadhi yao nao hupata nafuu! Swali zito liko hapo, kama nafuu inaletwa na umeme wenyewe, naye mwandishi amelipita.

Rivastigmini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa dimenshia ya Parkinson, hakuitaja. Wala hakuuliza kama mgonjwa anameza benzeksoli, dawa ya mtetemeko inayoweza kuvuruga kumbukumbu. Familia isiuze shamba inunue mashine kabla daktari hajakagua vidonge hivyo.