Nililala hoteli ya nyota 5 kwa pointi. Nani aliyelipa?

Wiki hii naweka kando habari za kuprogramu, nataka kuzungumza juu ya hoteli. Usiondoke bado, kwa maana hadithi hii ina hifadhidata ndani yake, ina kufuli za elektroniki, na ina mke wangu aliyeniuliza swali ambalo mpaka leo sijalijibu vizuri.

Haya basi. Mwezi uliopita mimi na mama watoto tulilala usiku 2 katika hoteli ya kifahari hapa Nairobi, upande wa Westlands, bila kulipia chumba. Jina la hoteli silitaji, kwa sababu nina malalamiko kadhaa na sina pesa za wakili. Ni mojawapo ya zile za makampuni makubwa ya kimataifa yenye mpango wa pointi. Kwa miaka 3 mwajiri wangu amekuwa akinituma Kigali, Kampala na Dar es Salaam kuwawekea wateja mfumo wetu wa malipo, na kila nilipolala katika hoteli za kampuni hiyo nilitoa nambari yangu ya uanachama. Mwajiri alilipa bili, pointi zikaingia kwa jina langu.

Kabla ya kusifu vitanda, tupige hesabu. Kampuni hii hutoa pointi 10 kwa kila dola 1 unayotumia. Usiku 2 ulinigharimu pointi 60,000. Kwa hivyo, ukiweka kando bonasi ndogo ndogo, ilibidi dola 6,000 zitumike kwanza, yaani kama shilingi 774,000 kwa bei ya shilingi 129 kwa dola. Chumba chenyewe siku hizo kilikuwa kikiuzwa shilingi 28,000 kwa usiku, kwa hivyo nilichopata ni cha shilingi 56,000. Gawanya: ni kama asilimia 7 ya pesa zilizotumika. Sio mbaya, lakini usimwambie mtu kwamba ulilala bure. Vyumba vya safari zangu vilikuwa kama dola 130 kwa usiku, kwa hivyo dola 6,000 ni kama usiku 46. Ikumbuke hiyo 46, nitairudia.

Sasa tufike hotelini. Hatuna gari. Tulipanda matatu, tukashuka stejini, tukatembea dakika 5 tukiwa na mkoba mmoja. Getini askari alikuwa akichunguza magari kwa kile kioo chenye mpini. Alipotuona tunakuja kwa miguu akasema, kwa adabu kabisa, kwamba geti la wafanyakazi liko upande wa nyuma. Mama Tumaini akacheka. Mimi sikucheka. Nikatoa simu nikamwonyesha barua pepe ya kuthibitisha chumba, akaomba radhi: "Samahani mkubwa, karibuni." Simlaumu sana. Geti lile lilichorwa na mtu aliyeamini kwamba mgeni huja na magurudumu. Hata mahali pa kupitia kwa miguu hapakuwa.

Kwenye mapokezi tulikutana na tatizo ambalo kila msanidi programu wa Kenya analijua. Fomu yao ina nafasi 2 za jina, la kwanza na la mwisho. Kitambulisho changu kina majina 3. Nilipojisajili miaka ile niliandika la kwanza na la pili, na mfumo wao ukaamua kwamba la pili ndilo la ukoo. Dada wa mapokezi akaangalia kitambulisho, akaangalia skrini, akaangalia kitambulisho tena. "Jina halilingani, sir." Tulisimama dakika 25 mpaka msimamizi wake akaja akatuingiza kwa mkono. Wenzangu mnaounda fomu, tafadhali wekeni nafasi moja tu ya jina kamili, mtu aandike jina lake jinsi lilivyo. Ni nusu saa ya kazi kwenu, na itaokoa nusu saa za watu wengi.

Chumba? Sitadanganya, kilikuwa kizuri. Kilikuwa ghorofa ya 9, pazia zinafunguka kwa kubonyeza kitufe, kitanda ambacho watoto wetu wote 3 wangetoshea na sisi. Maji ya moto yalitoka mara moja, na presha yake si ya mtaani kwetu. Usafi alama kumi juu ya kumi. Yule mama aliyetandika chumba alikuta miwani ya mke wangu juu ya kitabu, akairudisha juu ya kitabu, ukurasa ule ule. Mambo kama hayo huwezi kuyaprogramu.

Lakini mimi ni mtu wa kompyuta, na macho yangu hayajui likizo. Ili kuingia kwenye waifai unaulizwa vitu 2 tu: nambari ya chumba na jina la ukoo. Hivyo ndivyo vitu 2 ambavyo mhudumu wa mkahawa hukuuliza kwa sauti kila unapoagiza chai. Aliyekaa meza ya pili anaweza kuingia kwenye mtandao kwa jina lako. Ushauri wangu kwa yeyote anayelala hoteli: shughuli za benki zifanye kwa bando ya simu yako.

Kufuli za milango nazo zina hadithi yake. Mwezi wa Machi 2024 watafiti wa usalama walitangaza udhaifu walioupa jina Unsaflok, katika kufuli za Saflok za kampuni ya dormakaba. Kwa kadi yoyote ya hoteli husika, hata iliyokwisha muda, waliweza kutengeneza kadi 2 ambazo zikigusishwa mlangoni kwa mfuatano hufungua chumba chochote cha hoteli hiyo. Milango iliyohusika ilikuwa zaidi ya milioni 3 katika nchi 131, na kuirekebisha kulihitaji kuhudumia kila mlango na kubadilisha kadi. Kwa hivyo usiku funga pia ile komeo ya chuma ya ndani. Haina programu, haina mtandao, na ndiyo sababu ninaipenda.

Na kitambulisho kikipigwa kopi mapokezini, uliza kinahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, una haki ya kuuliza. Usidhani ukubwa wa kampuni ni kinga. Mwezi wa Novemba 2018 Marriott ilitangaza kwamba wavamizi walikuwa ndani ya hifadhidata ya wageni wa Starwood tangu 2014. Nambari za pasipoti zaidi ya milioni 5 zilikuwa zimewekwa bila kufichwa kwa msimbo. Kampuni ambayo inakupa pointi inakujua: ulilala wapi, lini, na mara ngapi. Ndiyo biashara yenyewe.

Tena si jambo jipya. American Airlines ilipoanzisha mpango wa AAdvantage mwaka wa 1981, iliweza kwa sababu tayari ilikuwa na kompyuta za Sabre zilizoweka kumbukumbu za abiria. Holiday Inn na Marriott zikafuata mwaka wa 1983, Hilton mwaka wa 1987. Leo hizi pointi ni mali kubwa. Mwaka wa 2020, corona ilipozishusha ndege chini, United Airlines ilikopa dola bilioni 6.8 kwa kuweka rehani mpango wake wa pointi.

Tatizo ni kwamba anayetoa pointi ndiye anayepanga thamani yake. Hilton iliondoa jedwali la bei za pointi mwaka wa 2017, Marriott ikafanya hivyo mwaka wa 2022. Baada ya hapo bei hupanda na kushuka kila siku, na wewe hupigiwi kura. Hapa kwetu, mwaka wa 2022 Safaricom ilitangaza kwamba pointi za Bonga zilizokaa zaidi ya miaka 3 zingefutwa. Watu wakapiga kelele, mpango ukaahirishwa. Nilipoanza kuweka akiba yangu, chumba kile kile kwa usiku 2 kilikuwa pointi 50,000. Nilipokaribia, kikawa 60,000. Pointi 10,000 ni karibu usiku 8 wa kulala ugenini, na zimepotea bila mtu kunitumia hata ujumbe mfupi. Kwa hivyo rai yangu ya kwanza: pointi si akiba. Ukizipata, zitumie.

Sasa nirudi kwa mama Tumaini. Asubuhi ya pili tulishuka kunywa chai. Kumbe pointi hazilipii kiamshakinywa: shilingi 3,200 kwa kila mtu. Nikalipa huku nikitabasamu kama mtu aliyeumwa na jino. Tulipokuwa tukila akaniuliza, "Baba Tumaini, hizi pointi ni za nani?"

Nikadhani anauliza swali la kisheria. Nikaanza kumweleza kwamba mwajiri ndiye aliyelipa vyumba, lakini masharti yanasema pointi ni za mgeni aliyelala, na makampuni mengi huwaachia wafanyakazi kama shukrani ndogo. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Sikuulizi habari za ofisi. Umesema ni usiku 46. Usiku huo wote wewe ulilala kwenye vitanda kama hivi, mimi nililala na watoto. Ile siku Tumaini aliposhikwa na homa nikampeleka hospitali saa nane usiku kwa bodaboda, wewe ulipata pointi ngapi?"

Jibu ni 1,300. Nililijua papo hapo, kwa sababu mimi ni mtu wa kujua nambari hizo. Sikulisema.

Na kuna jambo ambalo sikuwa nimemwambia, nikamwambia pale pale mezani. Safari moja ya Kampala ningeweza kurudi Ijumaa. Kulikuwa na ofa ya pointi maradufu kwa wikendi, na mimi nilikuwa nimebakiza usiku 2 nipande daraja. Nikamwandikia meneja kwamba mfumo unahitaji kuangaliwa mpaka Jumapili. Mfumo haukuhitaji. Ulikuwa ukifanya kazi sawasawa tangu Alhamisi. Nilikaa chumbani nikitazama mpira.

Mama Tumaini hakupaza sauti. Alinyamaza, akamaliza chai yake, akasema, "Basi hiyo wikendi unanidai au nakudai?"

Wenzangu, sisi ndio tunaounda vitu hivi. Ule mstari wa kijani unaojaa kidogo kidogo kwenye programu ya simu, ule ujumbe wa "umebakiza usiku 2 tu", kuna msanidi aliyekaa akaupima mpaka akajua ni rangi gani inamfanya mtu aongeze usiku mmoja. Mimi mwenyewe nimewahi kumtengenezea mteja mstari kama huo, nikausifia kwenye mkutano. Nilijua unavyofanya kazi, na bado ulinifanyia kazi. Ulinifanya nimdanganye mwajiri wangu na kuwakosa watoto wangu siku 2, kwa pointi ambazo, ukizipigia hesabu yetu ya juu, maradufu yote, ni kama shilingi 4,900.

Sisemi msijiunge. Kama kazi inakupeleka ugenini, pointi ni zako na ni halali, chukua. Lakini weka kanuni moja: safari ipangwe kwanza, pointi ziulizwe baadaye. Siku utakapojikuta unaangalia pointi kabla ya kuangalia kalenda ya nyumbani, ujue mambo yamegeuka. Na wewe uliyebaki nyumbani, una haki ya kudai sehemu yako. Mama Tumaini ameshadai. Pointi zilizobaki, kama 18,000, ataamua yeye. Amesema atalala usiku mmoja peke yake, bila mimi wala watoto, na mimi nitashughulikia homa ikitokea.

Kuhusu mwajiri, Jumatatu ile nilimwambia meneja ukweli juu ya wikendi ya Kampala na nikamwomba nirudishe gharama. Hakufurahi. Nalipa kwa awamu 2 kutoka kwa mshahara. Kazi ya mwezi ujao nimependekeza tuifanye kwa mbali kupitia intaneti, na nisafiri siku 2 badala ya 7. Amekubali tujaribu.

Alama zangu, kwa wale mliokuja kwa ajili ya hoteli tu:

Chumba na usafi: 10 kati ya 10.
Wahudumu: 9. Moja nimeitoa kwa ajili ya geti.
Mfumo wa kompyuta: 4.
Waifai: kasi 8, usalama 3.
Kiamshakinywa: chakula 9, bei 2. Mahamri hayakuwa mabaya, lakini si ya mama mkwe.
Thamani ya pointi: uliza nyumbani kwako kwanza.

Wiki ijayo nitarudi kwa kuprogramu, nimeahidi kumalizia ile habari ya kuhifadhi nakala za data. Mpaka wakati huo, kaeni salama, na kama uko safarini ukisoma haya, piga simu nyumbani.