"Ni miaka tu" inawapa mama zetu upara

Ingia saluni yoyote ya Umoja au Kayole, hapa Nairobi, siku ya Jumamosi. Hutakosa mteja wa miaka hamsini hivi anayeuliza mbona utosini pamekuwa pepesi. Jibu analopewa ni lile lile: "Ni miaka tu, mathe. Tukisuka hapataonekana." Rasta zinaanza kushikwa. Jibu hilo nimelisikia Buruburu, nimelisikia Donholm, na limeshawagharimu wanawake wengi nywele ambazo zingeokolewa.

Umri unahusika, sikatai. Hedhi inapoelekea kukoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hushuka na nywele huweza kuwa nyembamba, hasa katikati ya kichwa. Hata hizo zina dawa: minoksidili ya kupaka, ingawa inataka miezi ya subira, na ukiiacha nywele hurudi kupungua. Lakini miaka hiyo hiyo wengi hutokwa na hedhi nzito isiyo na mpango, madini ya chuma yakapungua mwilini, nywele zikaanguka. Tezi ya shingoni ikilegea, zinaanguka pia. Haya hujulikana kwa kupimwa damu, si kwa kuangaliwa na jirani.

Na kuna lililo baya zaidi. Upo ugonjwa unaowapata hasa wanawake wenye asili ya Kiafrika, wengi wao wa makamo. Huanzia utosini na kutanuka kidogo kidogo kwenda pembeni. Wengine huwashwa au kuhisi kuchomwa. Wengine hawasikii chochote. Unapopita huacha kovu, na tundu la unywele likishageuka kovu, hakuna mafuta ya nyonyo wala maji ya kitunguu yatakayootesha kitu hapo. Mwaka 2019 watafiti waliuhusisha kwa baadhi ya wagonjwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo PADI3, kwa hiyo kama mama yako alikuwa na upara wa utosi, usingoje. Matibabu ya mapema huweza kuuzuia usiendelee. Anayeambiwa "ni miaka tu" anapitisha muda huo akiwa amesuka.

Kusuka kwenyewe ndiko kunakoniudhi. Tazama msusi anavyotafuta vinywele vitatu vilivyobaki kwenye paji la uso, anavifunga rasta nzito, anavuta mpaka nyusi zinapanda. Kesho yake vipele vyeupe vimejipanga ukingoni mwa nywele, na mteja amelala kwa dawa ya maumivu. Anaambiwa zikiuma ndiyo zitakaa. Profesa Nonhlanhla Khumalo, daktari wa ngozi wa Afrika Kusini, na wenzake walipowachunguza wanawake wa Cape Town, karibu theluthi moja walikuwa na upara wa kuvutwa nywele. Hao hawakuzeeka, walivutwa.

Wasusi wetu, ninyi ndio wa kwanza kuona utosi ulioanza kung'aa, kabla ya mume na kabla ya daktari. Msiufunike kwa wigi la kushonea. Mwambieni mama ukweli, hata kama siku hiyo mtakosa pesa ya kusuka. Nawe mama, fumua, uende hospitali ya Mama Lucy au kituo cha afya kilicho karibu nawe kichwa kikiwa wazi, uombe kupimwa damu na tezi. Ukiandikiwa kumwona daktari wa ngozi, nenda kabla hujasuka tena.