Upekuzi usimfungie mlango aliyesoma kambini

Mfanyabiashara akifika Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania, hati za mzigo wake huingizwa kwenye kompyuta. Mitambo hiyo inahitaji mtaalamu mwandamizi wa programu, mtu atakayeshika siri za kodi. Serikali ina haki ya kumpekua kabla ya kumwajiri. Lakini upekuzi ukiishia kwenye swali la "ulisoma wapi?", waliorejea watakwama wote. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Cheti chake kikathibitishwe kwa nani? Sisi tuliosoma ukimbizini tunasema: apimwe kwa kazi yake, mwenendo wake na mashahidi waaminifu. Ukimbizi si kosa la jinai. Tukimkataa, jirani atamwajiri, nasi tutaukodi ujuzi wake kwa dola.