"Anacheza tu" si jibu la kumpa mtu wa Bwejuu

Maji yakipwa Bwejuu, Unguja, bahari huenda mbali, na mchanga unaobaki huwa barabara ya pili ya kijiji. Wanawake wanashuka kwenye mashamba ya mwani, vijana wanapita na baiskeli kwenda Paje au Michamvi, watoto wanarudi skuli, wageni wanatembea na kamera zao. Mbwa nao wapo. Koko wasio na mwenyewe kwa kawaida hukaa mbali na watu, maana wameshaonja mawe. Wenye kusumbua zaidi ni wale walioshiba: mbwa wakubwa wa nyumba za wageni na wa watu waliohamia pwani, wenye kola shingoni na nguvu zisizokuwa na kazi. Mbwa wa namna hiyo akiona mtu hutimua mbio, akasimama kwa miguu ya nyuma, akamkumbatia. Mwenyewe yuko mbali, amekaa kivulini, na anapaza sauti: "Usiogope, anacheza tu!"

Ni kweli anacheza. Lakini anayechezewa hakuomba mchezo.

Waislamu wengi wa Unguja wanafuata madhehebu ya Imam Shafi, na katika madhehebu hayo mbwa ni najisi nzito. Akigusa nguo naye ni kavu na nguo ni kavu, hakuna kilichoharibika. Unyevu ukiingia kati, iwe ni mate, pua, au manyoya yaliyotoka kuchovya baharini, mahali palipoguswa huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo, kwa mujibu wa hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra. Wafuasi wa Imam Malik wana rai nyepesi zaidi, ila Bwejuu si Morocco. Sasa mfikirie mama anayetoka kwenye mwani, nguo zimemlowa mpaka magotini, gunia kichwani, adhana ya alasiri imekaribia. Mbwa amemrukia. Mchezo wa nukta moja umemwachia kazi ya kufua, kutafuta udongo na kuikimbilia sala. Mwenye mbwa haoni lolote kati ya hayo, na pengine anaondoka akidhani yule mama anachukia wanyama.

Isitoshe, uzito nao una hesabu yake. Dume la Jamani shepadi huwa na kilo 30 hadi 40, na boerboel wa Afrika Kusini anaweza kupita kilo 60. Mzigo kama huo ukimjia mzee, mtoto au mjamzito, kuanguka si jambo la bahati mbaya tena. Ni la kutarajiwa. Hata mkwaruzo mdogo wa kucha usiotoa damu, Shirika la Afya Duniani linauweka katika daraja la pili la hatari ya kichaa cha mbwa, daraja ambalo mtu hutakiwa kuosha jeraha vizuri na kupewa chanjo. Daktari hawezi kumtazama mbwa usoni akajua kuwa alikuwa anacheza.

Wapo wanaosema kufunza mbwa ni mambo ya Wazungu, na kwamba mbwa wa pwani ya Waswahili ni wa kufukuzwa tu. Hawa nao hawakumbuki vizuri. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa, na mafakihi wa Kishafi wamelieleza fundisho lenyewe: akitumwa aende, akizuiwa asimame, na asile windo. Huo ni mtihani wa adabu ambao mbwa wengi wa hotelini wangeanguka siku ya kwanza. Na vijijini Unguja wasasi wametoka na mbwa wao miaka mingi kuwafukuza nguruwe wanaoharibu mashamba. Mbwa asiyesikia sauti ya mwenyewe porini hana faida kwa msasi.

Basi kwa nini anaruka? Mbwa mdogo huwapokea wakubwa zake kwa kuwalamba mdomo, na uso wa binadamu uko juu. Akiwa na miezi miwili kila mtu humcheka na kumbeba anapopanda miguuni. Akifika mwaka mmoja, tabia ni ile ile na mwili ni mwingine. Watu wanaomzunguka wanaendelea kumlipa bila kujua, kwa sababu kumsukuma kwa mikono ni mchezo, kumpigia kelele ni mazungumzo, na kumtazama tu ni malipo tosha. Ushauri wa zamani wa kumpiga goti la kifua haufai. Unaweza kumuumiza, na unamfundisha kuwa watu wakikaribia kuna shari, jambo ambalo mwishowe huzaa meno.

Kinachofaa ni kumnyima anaporuka na kumpa anapotulia. Mbwa awe na kamba, mwenyewe aikanyage kwa urefu unaomruhusu kusimama lakini si kuruka. Mtu wa nyumbani asogee. Miguu minne ikiwa chini, tonge la nyama au dagaa litolewe pale pale, chini kwenye kidevu chake. Akiruka, yule mtu ageuke, anyamaze, asimtazame, mpaka miguu irudi chini. Baadaye afundishwe kukaa, maana mbwa aliyekaa hawezi kuruka wakati huo huo. Dakika tano mara kadhaa kwa siku hutosha, na mbwa awe ameshakimbizwa asubuhi. Siku za mwanzo ataruka zaidi kuliko zamani, kwa kuwa anajaribu ufunguo ambao siku zote ulikuwa unafungua. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na huharibu zaidi: anayelipwa leo na kunyimwa kesho huwa sugu kuliko anayelipwa kila siku.

Kwa Bwejuu kuna sharti ambalo vitabu vya Ulaya huliacha. Huko mbwa hufunzwa kukaa ili mpita njia amkune kichwa. Hapa mpita njia hataki kuguswa kabisa, hata na mbwa mwenye adabu. Kwa hiyo tonge litoke mkononi mwa mwenyewe tu, kamwe si kwa mgeni. Mbwa akimwona mtu kwa mbali, aitwe, arudi, alipwe. Yakirudiwa haya ya kutosha, kuonekana kwa baiskeli au buibui kunakuwa ishara ya kumrejea bwana wake. Na neno liwe moja kwa nyumba nzima. Mwenye nyumba akiamrisha kwa Kiitaliano, mpishi kwa Kiswahili na mlinzi kwa Kimaasai, mbwa ana haki ya kutosikia lolote.

Anayeona haya ni ya kinadharia atazame Morogoro. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, linafunza panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa mabomu yaliyofukiwa na vimelea vya kifua kikuu. Hawapigwi. Wanasikia mlio mfupi, kisha wanapewa chakula, njia ambayo mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliieleza mwaka 1951 akitoa mfano wa mbwa. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alijipatia sifa mpaka akavishwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Ikiwa panya anaweza kufunzwa kazi ya mabomu kwa ndizi, mwenye hoteli hana udhuru kwa mbwa anayelala mlangoni pake.

Kijiji nacho kina sehemu yake, ingawa ndogo. Watoto waambiwe wasimkimbie mbwa wala kumtupia mawe, kwa sababu mbio humwasha. Wasimame, mikono kifuani, macho pembeni. Lakini hilo ni la dharura, na si haki kumfanya mtoto wa watu ndiye mwalimu wa mbwa wa mwingine.

Mzigo ni wa mwenye mbwa. Amchanje dhidi ya kichaa, amfunze, na mpaka atakapoweza kuwapita watu bila kuwagusa, amfunge kamba kila wanawake wanaposhuka kwenye mwani na kila wanapopanda. Wenye nyumba za wageni waliandike hilo katika maagizo ya walinzi wao, na wawaombe wageni wasimlishe mbwa wala kumchezesha ufukweni. Na mbwa akimchafua mtu, mwenyewe asianze kumweleza tabia za mbwa. Amwombe radhi, amtolee maji, udongo na sabuni, na kama kuna mkwaruzo, ampeleke hospitali kwa gharama zake.