Mcheza Kwao Hutozwa

Mwezi uliopita kijana mmoja niliyemfundisha chuoni aliniuliza swali lililonifedhehesha. Ni mhitimu wa shahada ya kwanza. Hana ajira rasmi, na amefungua banda la gemu Manzese: televisheni mbili, mashine mbili za PlayStation, mabenchi ya mbao na feni moja. Vijana wa mtaa hulipa kwa mechi. Nilimpitia kumjulia hali, na katika mazungumzo nikataja kwamba mwanangu naye anayo mashine kama zile. "Ulinunua Kariakoo, Dokta?" akauliza. Nikamjibu kwamba niliinunua Dubai, nikirejea kutoka katika mkutano wa kitaaluma. Akataka kujua nilitozwa kodi kiasi gani uwanja wa ndege. Nikasema ukweli: sikutozwa hata senti.

Hakukasirika. Alizitazama mashine zake mbili, akacheka kidogo, akasema: "Basi barabara naijenga mimi, Dokta." Nimekaa na maneno hayo kwa wiki kadhaa. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Nieleze kwanza kwamba sikuvunja sheria. Laiti ningeivunja, jambo lingekuwa dogo: ningetubu, ningelipa, yangekwisha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu abiria aliyekaa nje ya nchi zaidi ya saa 24 kuingiza vitu alivyonunua, katika mzigo anaosafiri nao, bila kutozwa ushuru, ilimradi thamani yake isivuke kikomo kilichowekwa. Mzigo wangu haukuvuka. Nilipita na risiti mfukoni, raia mwema asiyedaiwa. Na huko nilikonunua, ambako Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 5 tangu Januari 2018, mgeni anayeondoka huruhusiwa kudai arejeshewe sehemu kubwa ya kodi hiyo. Mataifa mawili yalinipungia mkono wa kwaheri na wa karibu, na hakuna lililonidai chochote cha maana.

Sasa tumfuate kijana wangu. Yeye hana mkutano wa kitaaluma wala pasipoti yenye mihuri. Alinunua Kariakoo, kwa mfanyabiashara aliyeingiza mzigo kwa njia halali na kumpa risiti ya mashine ya kielektroniki. Katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya yetu, mashine ya gemu imo katika kundi la asilimia 25. Tufanye hesabu ya mfano. Ikiwa thamani ya mashine, pamoja na bima na usafirishaji hadi bandarini, ni dola 500, ushuru ni dola 125. Juu ya jumla hiyo ya dola 625, wala si juu ya zile 500 za mwanzo, hutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, yaani dola 112 na senti 50. Tumekwisha kufika dola 737 na senti 50, na bado hatujagusa tozo ya maendeleo ya reli, ada ya forodha, wakala, ghala, pango la duka na faida halali ya muuzaji. Ushuru umetozwa, kisha ushuru wenyewe ukatozwa kodi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tumebadili herufi chache tu: mcheza kwao hutozwa.

Tazama ubaya wa jambo hili unapokaa. Mashine yangu ni burudani. Mwanangu huitumia Jumamosi akimaliza kazi za shule. Mashine ya kijana ni mtaji. Kwayo hulipa pango la nyumba na ada ya mdogo wake. Aliye na mshahara, aliyelipiwa tiketi na waandaaji wa mkutano, amepewa msamaha. Asiye na mshahara, aliyeweka akiba ya shilingi elfu elfu, amelipa kodi kamili tena mara mbili, maana mashine zake ni mbili. Haki gani hii ya kodi? Tunawafundisha wanafunzi katika muhula wa kwanza kwamba kodi iliyo njema humtoza zaidi mwenye uwezo zaidi. Hapa tumeigeuza miguu juu, kichwa chini.

Najua majibu yatakayoletwa, kwa sababu nimeyasikia kwenye semina na kwenye vikao vya kahawa. Niyachukue moja moja.

Jibu la kwanza ni kwamba mashine ya gemu ni anasa, na anasa itozwe. Vema. Lakini kama ni anasa, mbona anasa ya anayepanda ndege inasamehewa? Kanuni inayomtoza mnunuzi wa Kariakoo kwa hoja ya anasa, ikamwacha mnunuzi wa Deira apite, haiitozi anasa. Inamtoza mtu kwa kosa la kutosafiri.

Jibu la pili ni kwamba ushuru mkubwa kwa bidhaa zilizokamilika hulinda viwanda vya ndani. Hoja hiyo naiheshimu ninapozungumzia nguo, sabuni, saruji au samani. Lakini naomba nionyeshwe kiwanda cha mashine za gemu katika Afrika Mashariki, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, kuanzia Kampala hadi Kigali. Hakipo. Ukuta unaolinda kiwanja kitupu haulindi kitu. Unawazuia wapita njia tu.

Jibu la tatu ndilo zito: Serikali inahitaji mapato. Hapa siwezi kubisha kwa kejeli, kwa kuwa mshahara wangu unatoka katika mapato hayo hayo. Ninachosema ni kwamba mahitaji ya mapato hayahalalishi kuyatafuta kwa aliye karibu na mkono. Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023, hadi Waziri Mkuu akaenda kukutana nao Mnazi Mmoja. Wakafunga tena Juni 2024. Mtu anaweza kubishana nao juu ya hoja hii au ile, lakini hawezi kudai kwamba hakusikia kilio. Soko lile hupokea wanunuzi kutoka Zambia, Malawi na Kongo. Tunapolifanya kuwa ghali kuliko begi la abiria, tunalidhoofisha kwa mikono yetu.

Na begi hilo limekwisha kuwa taasisi. Nani kati yetu hajaambiwa na jamaa, "Ukirudi nibebee"? Simu moja, padi mbili, mashine moja ndani ya nguo. Hatuwaiti wahalifu, tunawaita ndugu. Hivyo ndivyo sheria isiyo na mizani inavyowafundisha watu wema ujanja, na mwenye duka anayelipa kila kitu huonekana mjinga.

Kuna jambo jingine ambalo watumishi wa umma wanaosoma hapa wanalijua kuliko mimi. Viwango hivi si maumbile ya Mungu. Ni uamuzi wa watu mezani. Kompyuta imewekwa katika Sura ya 84 ya jedwali la forodha, pamoja na mitambo, na katika Jumuiya yetu ushuru wake ni asilimia sifuri. Mashine ya gemu imewekwa katika Sura ya 95, pamoja na midoli na vifaa vya michezo. Ukiifungua utakuta kichakato, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao: ni kompyuta iliyovaa nguo za sikukuu. Wazungu wenyewe waligombana juu ya hilo. Tume ya Ulaya ilipoiorodhesha PlayStation 2 miongoni mwa vifaa vya michezo mwaka 2001, kampuni ilikwenda mahakamani, na mwaka 2003 Mahakama ya Mwanzo ya Ulaya ikaibatilisha kanuni hiyo. Sisemi tuige hukumu yao. Nasema mstari kati ya zana na mdoli huchorwa na binadamu, nao waweza kuuchora upya.

Je, basi nawashauri mnunue nje? La. Kununua nje kuna hasara zake, na aliyenunua huzigundua mashine ikiharibika. Dhamana ya mtengenezaji, yaani waranti, kwa kawaida hufungamana na eneo ulikonunulia. Ikizima Manzese, hutapanda ndege kuirudisha. Lakini nyumbani nako, mnunuzi anapata nini kwa bei yake kubwa? Mara nyingi ni kibao ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Amelipa bei ya mwenye dhamana, akaondoka bila dhamana.

Hata akishaiwasha, bado hayuko kwao. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kufungulia akaunti ya mtandao wa PlayStation. Kenya na Uganda pia hazimo. Mwaka 2024 mchezo mmoja maarufu wa kompyuta uliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 kwa sababu hiyo hiyo ya akaunti. Kwa hiyo kijana wa Manzese hujiandikisha kuwa mkazi wa Marekani au Uingereza, na mwanangu vivyo hivyo. Mimi ninayehubiri uzalendo darasani nina mtoto wa miaka kumi na miwili aliyejifunza kwamba ili acheze, lazima kwanza aikane anwani yake. Kampuni za nje zina lawama yao. Lakini kampuni gani itafungua duka rasmi katika nchi ambayo bidhaa yake huingia kwa begi, haihesabiki, na muuzaji halali ndiye anayeadhibiwa?

Ninapendekeza mambo matatu, wala hayahitaji muujiza.

Kwanza, Wizara yenye dhamana ya fedha iombe kiwango cha chini kwa mashine hizi. Utaratibu upo: kila mwaka mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukubaliana viwango kabla ya bajeti za Juni, na nchi mwanachama huruhusiwa kuomba kutotumia kiwango cha pamoja kwa mwaka mmoja. Tumeutumia kwa bidhaa nyingine. Tuutumie kwa hii, kisha tupime mapato.

Pili, kama msamaha wa abiria ni haki, basi uwe haki ya raia, si ya tiketi. Mwananchi anayeagiza kifaa kimoja kwa posta kwa matumizi yake apewe kikomo kile kile alichopewa abiria, mara moja kwa mwaka. Na kama Serikali inaona haiwezi kumudu hilo, basi na tusamehewe sote kwa kiasi kidogo, au tutozwe sote.

Tatu, muuzaji wa kifaa cha umeme alazimishwe kutoa dhamana ya maandishi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tunayo, na inamtambua mlaji. Mlaji akipata kitu halisi kwa kununua nyumbani, hatahitaji kuhubiriwa uzalendo.

Kwa wanafunzi wangu: msidharau mada hii kwa kuwa inahusu mchezo. Dola huonyesha tabia yake katika vitu vidogo, pale ambapo haidhani kwamba inatazamwa. Kwa wanaharakati: mnaposoma bajeti, msiishie kwenye vichwa vya habari, someni majedwali.

Na kwako kijana wangu wa Manzese: ulisema kweli. Barabara ile niliyoipita kutoka uwanja wa ndege, begi langu likiwa kwenye buti, wewe ulikuwa umeichangia kuliko mimi. Ulistahili kuambiwa hivyo siku ile ile.